Maziwa ya Saa Nane

Hakulia.
Alitoka saa tano na robo usiku, hapa Wete,
rangi ya zambarau iliyoiva,
kitovu kimemzonga shingo mara mbili,
akanyamaza kama mtu aliyeulizwa jambo asilotaka kulijibu.
Nikamfuta, nikamsugua mgongo,
nikabana mfuko wa hewa, nikaachia, nikabana.
Raya akihesabu. Dakika ya kwanza, alama mbili.
Ya tano, nne.
Ya kumi akakohoa,
sauti ndogo, ya mlango wa kabati.

Nje walisema alhamdulillahi, hewa imerudi.
Mimi sikusema kitu.
Miaka kumi na tisa niko wodi hii, naijua hewa inaporudi.
Hairudi kama mgeni.
Hurudi kama mwenye nyumba aliyefungiwa nje,
akavunja mlango, na vyombo vyake mwenyewe.

Mjomba wake, Shaame, fundi wa mapaa kule Mtemani,
aliniuliza: "Hewa si imepatikana? Mnaogopa nini tena?"
Bati lako linaliwa na nini?
"Chumvi."
Na nini tena?
Akaangalia viganja vyake. "Hewa."
Basi. Kichwani mwa mtoto sasa hivi muna kutu,
ila hii ina haraka, haingoji masika mawili.

Daktari Khatib ana bahasha sitini, zote zimefungwa.
Katika baadhi muna dawa: homoni
ile ambayo ubongo huitengeneza wenyewe taa zikizimwa,
ambayo mtoto, tumboni, huiazima kwa mamake kila usiku.
Homoni ya giza. Huenda ikazuia kutu.
Huenda.
Katika nyengine muna maji.
Ipi ni ipi hatujui, mimi wala yeye,
na kutojua huko ndiyo kazi yenyewe.

Mize alisikiliza mpaka mwisho, amelala ubavu.
"Na ikiwa yake ni maji?"
Nilimwekea kidau cha wino.
Akabonyeza dole gumba, akalifuta kwenye shuka la serikali.
Bahasha ya thelathini na saba.
Nikaitia kwenye mpira wa puani, tone kwa tone.

Bibi yake akasema: "Zimeni hiyo taa.
Mtoto huyu hajapewa usiku wake."
Siwezi, bibi. Nataka kuiona rangi yake,
nataka kuuona mguu ukianza kukanyaga baiskeli isiyokuwepo.
(Ulianza, alfajiri. Tukampiga sindano. Ukaacha. Ukaanza.)
Bibi hakubishana.
Alichana kanga yake kwa meno, akamfunika macho.
Ilikuwa ya HARAKA HAINA BARAKA.
Kwenye kitambaa kilibaki HAI,
na usiku kucha sikujua
kama nasoma neno au nusu ya neno.

Saa nane Mize aliketi kwenye kiti cha plastiki, akajikamua.
Dang'a, matone saba, manjano kama mafuta ya taa ya zamani.
Nikaandika kwenye kichupa: Mtoto wa Mize, saa nane usiku.
Ya mchana nayaweka rafu ya chini.
Raya hunicheka: maziwa ni maziwa.
Lakini mwili wa mama nao huzima taa,
na kile kilichomo kwenye bahasha, au hakimo,
kimo humu, kidogo,
bila kura, bila namba,
na wala sijamwambia Daktari.

Siku ya saba alipewa jina, Mbarouk.
Bahasha zitafunguliwa mwakani.

Jana waliletwa kliniki, miezi tisa.
Aliifuata saa yangu kwa macho, akaikamata kwa mkono wa kulia.
Wa kushoto ulichelewa.
Niliusubiri. Mize naye aliusubiri, hakunitazama.
Ukaja, umekunja ngumi,
ukagonga kioo cha saa
mara moja.